Kusema ukaeleweka taya likiwa limefungwa: mwongozo kwa mgonjwa na kwa wanaomuuguza

Fundi seremala anayebana misumari midomoni huku akimwagiza mwanafunzi wake alete randa anaeleweka. Fundi cherehani anayeshika pini kwa meno huku akimuuliza mteja urefu wa mkono anaeleweka pia, na mzee anayesugua meno kwa mswaki asubuhi barazani hujibu salamu za wapita njia bila kuutoa mswaki kinywani. Hapa Tanga, kuanzia Ngamiani hadi Chumbageni, mambo hayo huonekana kila siku na hakuna anayeyashangaa, ingawa yanastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu yanathibitisha kwamba kinywa kilichozuiwa nusu bado kinaweza kutoa maneno kamili. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wale ambao kizuizi chao si cha dakika chache: aliyevunjika taya katika ajali ya bodaboda akafungwa waya, aliyevimba jipu la gego, mwenye jeraha la moto midomoni, mwenye uso uliopooza upande mmoja, na jamaa wanaoishi nao na kuhitaji kuwaelewa.

Jambo la kushika tangu mwanzo ni kwamba msemaji halengi umbo fulani la kinywa, bali analenga sauti itakayofika sikioni. Njia moja ya kuifikia sauti hiyo ikizibwa, ulimi, midomo na koo hutafuta nyingine, na mara nyingi huipata kabla mwenyewe hajafikiri. Mwaka 1979 watafiti Björn Lindblom, James Lubker na Thomas Gay walichapisha matokeo ya jaribio ambamo wasemaji wa Kiswidi waliuma vipande vidogo vilivyolizuia taya lisisogee, kimoja cha milimita 2.5 na kingine cha milimita 22.5, kisha wakatakiwa kutamka irabu. Irabu zilitoka karibu sawa na za kawaida tangu mwanzo kabisa wa sauti, bila mazoezi. Mwaka 1984 J. A. Scott Kelso na wenzake huko Marekani walilivuta taya la msemaji chini ghafla wakati akielekea kutamka b, na mdomo wa juu ukateremka zaidi ya desturi yake ili kuifunga ile b. Walipolivuta wakati wa z, mdomo haukujishughulisha, ulimi ndio uliofidia. Fidia hiyo ilianza ndani ya milisekunde 20 hadi 30 hivi, muda mfupi mno kwa mtu kuamua jambo.

Kwa hiyo mgonjwa aliyefungwa taya hapaswi kudhani kwamba amekuwa bubu kwa wiki zote hizo. Ninasema hivi kwa mkazo kwa sababu nimewaona wengi wakijinyamazisha wenyewe, wakaishi kwa kutikisa kichwa na kuandika kwenye simu, ilhali daktari hakuwakataza kusema.

Kwanza, jua ni kipi kilichofungwa

Taya lililofungwa ni jambo moja, midomo isiyosogea ni jingine, na kila moja lina dawa yake. Mgonjwa ambaye mataya yake yamefungwa pamoja kwa waya au kwa mipira midogo, ili mfupa uunge, kwa kawaida hubaki hivyo kwa wiki 4 hadi 6; meno yake yamekutana, lakini ulimi wake uko huru ndani na midomo yake iko huru nje. Mwenye jipu la gego la mwisho anaweza kufungua kidogo tu. Mtafunaji wa muda mrefu wa tambuu yenye popoo naye anaweza kukuta kinywa kinazidi kuwa kigumu mwaka hadi mwaka, kwa kuwa popoo hukaza nyama laini za ndani ya mashavu. Huyo asijifariji na mazoezi ya matamshi, aende kwa daktari wa kinywa na meno, kwa sababu hali hiyo inaweza kugeuka kuwa saratani.

Kipimo kinachojulikana ni cha vidole: mtu mzima mwenye afya huweza kupitisha vidole vyake vitatu, vikiwa vimepangwa wima, kati ya meno ya mbele ya juu na ya chini. Kwa milimita, mtu mzima hufungua kinywa kwa takriban 35 hadi 55. Kipimo hicho asikifanye aliyefungwa waya wala mwenye jeraha bichi. Na ikiwa taya limekaza lenyewe, hasa baada ya kuchomwa na msumari au kupata kidonda kingine chochote, usiendelee kusoma hapa: hiyo inaweza kuwa pepopunda, na mgonjwa apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.

Aliyefungwa waya akubaliane na watu wa nyumbani, kabla ya lolote, ishara moja ya mkono yenye maana ya kwamba anasongwa au anataka kutapika, kwa kuwa wakati huo hataweza kusema. Aulize hospitalini waya zikatwe wapi na kwa kifaa gani endapo dharura itatokea, na kifaa hicho kikae karibu naye usiku na mchana.

Irabu: kazi yote ni ya ulimi

Kiswahili kina irabu tano tu, na hiyo ni bahati kwa mgonjwa, kwa sababu zimeachana mbali, na msikilizaji hazichanganyi upesi. Irabu i, e na u hazihitaji taya kushuka sana. Irabu o huhitaji midomo iviringike, nayo ni huru. Inayopata taabu ni a, ambayo kwa kawaida hutamkwa taya likiwa chini, na bahati mbaya ndiyo inayojitokeza mno katika maneno yetu: maji, dawa, hapana, naumwa, nataka.

Usijaribu kuifungua kwa kusukuma taya dhidi ya waya, kwani utaumia bila kupata chochote. Ulaze ulimi chini kabisa ya kinywa, na shina lake ulivute nyuma kuelekea kooni, kama anayemwonyesha daktari tonsili, kisha uachanishe midomo wima ingawa meno yamekutana. Sauti itapita kati ya meno na katika nafasi iliyo nyuma ya magego. Tamka polepole i, e, a, kisha rudi a, e, i, ukiusikiliza ulimi unavyoshuka na kupanda. Kinachotafutwa ni umbali kati ya e na a. Ikiwa msikilizaji anatofautisha *kata* na *kete*, *pata* na *pete*, hata kama a yenyewe haina uwazi wake wa zamani, irabu zako zimetosha.

Lipo kosa moja linalojificha. Msemaji aliyefunga meno huacha pumzi nyingi ipite puani, na maneno yote yakawa na mlio wa puani. Ulijue kwa kutamka sentensi isiyo na m wala n, kama vile *Kaka Sefu hataki kitabu hiki*, mara ya kwanza pua ikiwa wazi na mara ya pili ukiwa umeibana kwa vidole, mradi pua yako haina jeraha. Mlio ukibadilika, hewa inavuja. Dawa yake ni kutamka p, t na k kwa nguvu kidogo zaidi, ukihisi pumzi ikijikusanya nyuma ya midomo au ulimi kabla ya kuachiwa, kwa kuwa kaakaa laini, yaani nyama iliyo nyuma ya paa la kinywa, likijiinua kwa ajili ya konsonanti hizo huiziba njia ya puani.

Konsonanti

Nyingi hazidhuriki. K, g, ng' na gh hufanyikia nyuma, h kooni, na taya halina kazi kubwa hapo. P, b, m na w ni za midomo. S, z, sh, ch na j hutamkwa meno yakiwa yamekaribiana hata kwa mtu mzima wa afya, kwa hiyo aliyefungwa hupata ahueni katika herufi hizo, isipokuwa mate hujikusanya mbele na kuchanganya mlio wake. Meza mate kabla ya kuanza sentensi, si katikati yake. Ikiwa chuma kilichofungwa kwenye meno kinachubua midomo, omba nta ya kukifunika hospitalini, kwa sababu mdomo unaouma haufungiki vizuri, na b, p na m zikilegea hupoteza maneno mengi.

Zinazohitaji njia mpya ni th na dh. Ncha ya ulimi haiwezi tena kuchungulia kati ya meno, basi iguse nyuma ya meno ya juu, ikiwa bapa na laini, na pumzi itoke kwa upole. Waliosoma chuoni, yaani madrasa, kwa mwalimu aliyesisitiza makhraji ya herufi (mahali zinapotokea kinywani) wanaijua tofauti hiyo tangu utotoni na wataipata haraka: ulimi ukichongoka, *thamani* inakuwa *samani* na *dhana* inakuwa *zana*. Hata hivyo wako Waswahili wengi wa bara wasiotofautisha herufi hizo na wanaeleweka siku zote, kwa hiyo usijichoshe nazo kama una mambo makubwa zaidi ya kurekebisha.

Jambo kubwa zaidi ni l na r. Ulimi uliobanwa hauna nafasi ya kupiga r, na *mahari* hugeuka *mahali*, *kura* ikawa *kula*. Fanya r kwa mgongano mmoja mwepesi wa ncha ya ulimi kwenye ufizi wa juu, usijaribu kuitetemesha, na l uirefushe kidogo ili zisikike mbili tofauti.

Sarufi ya Kiswahili inavyomsaidia mgonjwa

Hapa ndipo ninapotaka msomaji atulie, kwa sababu ndipo watu wengi hukosea kwa nia njema. Mgonjwa akichoka huanza kusema neno mojamoja: *kikombe*, *dawa*, *nje*. Anadhani anajipunguzia kazi na kumrahisishia msikilizaji. Kwa lugha yetu ni kinyume. Katika *nipe kile kikombe changu kikubwa* alama ya ngeli (ki-, au ch- katika *changu*) inarudi neno baada ya neno, na msikilizaji asiposhika moja hushika nyingine, ilhali neno *kikombe* peke yake likipotea silabi moja limepotea lote. Kwa hiyo sema sentensi nzima, fupi lakini kamili, na usikate viambishi.

Kitenzi kinahitaji uangalifu wa aina nyingine, kwa kuwa maana nzima hubebwa na silabi ndogo ya mwanzo. *Anakuja* na *hakuja* vinatofautiana kwa vitu vidogo ambavyo kinywa kilichofungwa huvimeza, na hatari huongezeka kwa *nimekunywa dawa* na *sijanywa dawa*. Tanguliza neno linalojitegemea ambalo haliwezi kuchanganywa: *Bado, sijanywa dawa. Tayari, nimekunywa. Hapana, hakuja.* Si mapambo; ni ulinzi wa maana, na katika mambo ya dawa na maumivu ninashauri usiache kamwe kufanya hivyo.

Kisha mkazo. Neno la Kiswahili, isipokuwa machache, lina mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na msikilizaji huutumia mkazo huo kujua neno limeishia wapi. Mtu anayejitahidi kusema polepole mara nyingi huzikata silabi zote sawasawa, ha, pa, na, kama mtoto anayejifunza kusoma, na mwendo wa lugha unavunjika. Upole wa kufaa ni kuirefusha ile silabi ya mkazo, *hapaana*, *nimeshiiba*, na kutua kidogo baina ya fungu moja la maneno na jingine.

Salamu nazo zina jambo lake. *Shikamoo* ni rahisi mno kwa meno yaliyokutana, kwa hiyo kijana mgonjwa hana haja ya kuiacha. Mzee mgonjwa ndiye mwenye mzigo, kwani *marahaba* ina a nne na r na h ndani yake. Wajukuu waelezwe wasubiri jibu hadi litoke, wala wasilichukulie kuwa babu amenuna.

Ikiwa midomo ndiyo isiyosogea

Wachezesha vikaragosi wanaosema bila kutikisa midomo hubadilisha b kuwa d, p kuwa t na m kuwa n, wakitegemea msikilizaji ajaze mwenyewe. Ujanja huo hautufai jinsi ulivyo, maana kwa Kiswahili *baba* angekuwa *dada*. Mwenye kidonda au kupooza kwenye mdomo wa juu pekee na ayaweke meno ya juu kwenye mdomo wa chini, kama anayetamka f, lakini aizibe pumzi kabisa na kuiachia ghafla. Itatoka p au b inayokubalika sikioni. Aliyepooza uso upande mmoja, na asiye na jeraha, anaweza kuushika kwa kidole kilicho safi ule upande uliolegea wakati wa kutamka herufi za midomo, na tofauti huonekana papo hapo.

Irabu u ndiyo ngumu kwa watu hawa, na ni haki waambiwe mapema. Mwaka 1995 watafiti wa Ufaransa, Christophe Savariaux, Pascal Perrier na Jean-Pierre Orliaguet, waliwawekea wasemaji 11 bomba la milimita 20 kati ya midomo ili wasiweze kuiviringa, wakawataka watamke irabu hiyo. Wengi waliurudisha ulimi nyuma na kupata nafuu kiasi, lakini ni mmoja tu aliyeifikia sauti kamili, kwa kuupeleka ulimi mbali kabisa kuelekea kooni. Jaribu njia yake, ukishusha na koo kidogo kama unayetaka kupiga miayo, na isipofaulu chagua neno jingine lenye maana ile ile. *Nina kiu* ikikataa kutoka, *nataka maji* itatoka.

Kwa waliovaa meno mapya ya bandia maelezo ni mafupi: shida yao iko kwenye s, na hupungua kwa mazoezi mengi ya sauti. Jaribio la Shari Baum na David McFarland la mwaka 1997, lililotumia kaakaa bandia lililonenepeshwa nyuma ya meno, lilionyesha s ikiwa na kasoro mwanzoni na ikitengemaa baada ya saa moja hivi ya mazoezi makali. Soma kwa sauti gazeti zima, na utafute maneno yenye s.

Mazoezi, na namna ya kujua kama yanafaa

Sikio la mwenyewe si shahidi wa kutegemewa, kwa kuwa msemaji anajua alichokusudia. Jirekodi kwa simu ukisema sentensi kumi ambazo hazibashiriki, zenye majina ya watu, namba na mahali, kwa mfano *Mwambie Rehema alete ndimu saba kutoka Mgandini*. Mpe rekodi hiyo mtu ambaye hakuwapo, naye aandike alichosikia neno kwa neno bila kuulizwa chochote. Linganisha karatasi yake na ulichosema. Makosa yatajikusanya mahali pamoja, pengine kwenye a, pengine kwenye r, na hapo ndipo pa kufanyia kazi kwa dakika tano, mara kadhaa kwa siku, ukiacha mara tu maumivu yanapoanza. Rudia na sentensi nyingine baada ya siku chache, kwa msikilizaji tofauti, kwa sababu aliyekuzoea atakuelewa hata usipopiga hatua yoyote.

Usipaze sauti kushindana na kelele. Daktari Mfaransa Étienne Lombard alieleza mwaka 1911 kwamba mtu huongeza sauti bila kujijua kelele zinapomzunguka, na kuongeza sauti humfanya mtu afungue kinywa. Aliyefungwa waya akifanya hivyo sokoni ataishia kulisukuma taya. Msogelee unayezungumza naye, au mwende pembeni. Kwa simu ya kawaida matumaini yawe madogo: njia ya simu ya tangu zamani hupitisha sauti za kati ya hezi (mitetemo kwa sekunde) 300 na 3,400 tu, na mlio mwembamba unaotofautisha s na f uko zaidi ya hapo. Kwa jambo la haraka andika ujumbe.

Kwa wanaomsikiliza

Kaa mbele yake, zima redio, na kabla hajaanza ujue mazungumzo yanahusu nini. Usipoelewa, usiseme tu kwamba hujaelewa, kwani hapo atalazimika kurudia yote. Rudia wewe ulichoshika, *Umesema uji, au umesema maji?*, ili abaki na kazi ya kuthibitisha neno moja. Akirudia mara mbili bila mafanikio, mwombe aseme kwa maneno mengine badala ya kuyarudia yale yale. Usimmalizie sentensi zake, hata unapokuwa na hakika ya mwisho wake, kwa maana mgonjwa anayemaliziwa kila neno huacha kusema, na ulimi usiotumiwa haujifunzi njia mpya. Wageni wanaokuja kumpa pole waambiwe hayo mlangoni.

Waya zikishafunguliwa, taya litakuwa gumu kwa muda na ulimi utaendelea kidogo na tabia zake za kifungoni. Mazoezi ya kulifungua taya yafanywe kwa kipimo alichotoa daktari, si kwa kulilazimisha ili vidole vitatu vipite siku ya kwanza. Rekodi sentensi zile zile za mwanzo na umpe mtu azisikilize. Ikiwa wiki zimepita na bado kuna herufi isiyorudi, nenda nayo rekodi hiyo kwenye miadi yako inayofuata hospitalini, uichezeshe mbele ya daktari, na umwonyeshe pia karatasi ya msikilizaji.